Naomba ushauri: amplifaya ya gari imeandikwa wati 1500, fyuzi ni ya ampea 30

Wakuu habarini. Nina amplifaya ya gari, daraja AB (aina ya saketi ya kukuza sauti), kwenye bodi imeandikwa wati 1500 kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Nilipoichomoa nikakuta fyuzi moja tu ya ampea 30. Ampea 30 mara volti 13.8 ni wati 414 zinazoingia. Wati 1500 zitoke wapi?

Jana nimeipima gari ikiwa inaunguruma. Nimecheza mlio wa hezi 50, nikapandisha sauti hadi karibu na kukwaruza, nikarudi nyuma kidogo. Kwenye waya za spika ya besi ya omu 4 nikapata volti 22 za AC, yaani 22 × 22 ÷ 4, kama wati 121. Upande wa betri, mita ya kubana (inayoshika waya kwa nje na kupima mkondo) ilisoma ampea 16 kwa volti 13.2, wati 211. Ufanisi unakuja asilimia 57 hivi.

Shida yangu ni hiyo omu 4. Spika ikiwa ndani ya boksi ukinzani wake hubadilika kwa kila mlio, kwa hiyo huenda wati 121 nimejipendelea. Je, nifunge rezista kubwa ya omu 4 (kifaa ambacho ukinzani wake haubadiliki kwa mlio) badala ya spika? Ya wati ngapi, isije ikaniunguza vidole?