Viti vya watu wenye ulemavu: vyama viteue, au wenyewe wachague?

Mkaazi wa Likoni: Katiba yetu ya Kenya ya 2010 imetenga viti viwili vya Seneti, cha mwanamume na cha mwanamke, kwa ajili ya watu wenye ulemavu, lakini wanaoamua nani avikalie ni vyama vya siasa. Wenzetu wa Uganda wana wabunge watano wanaochaguliwa na wajumbe wa watu wenye ulemavu wenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 918,270 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka mitano, ilhali Ruto na Odinga katika uchaguzi wa rais wa 2022 walipishana kwa kura 233,211 tu. Kwa nini watu wenye uzito huo wangoje kuteuliwa? Naomba hoja.

Karani Mstaafu: Hesabu yako ni tamu, ndugu yangu, ila kiwete wa Bomet na kipofu wa Siaya hawajawahi kupiga kura kwa nia moja, kila mmoja hufuata majirani zake. Isitoshe, wanavyo viti kumi na viwili katika Bunge la Taifa, na anayetaka zaidi asimame jimboni kama Tim Wanyonyi, anayetumia kiti cha magurudumu, alivyosimama Westlands akashinda. Nimefanya kazi vituoni miaka mingi, na kipofu niliyemwona huko hupigiwa kura na mjukuu wake.

Binti wa Kakamega: Mzee Karani, shikamoo. Umeandika kiwete, umeandika kipofu, kana kwamba unahesabu viti na vikombe. Sisi ni watu wenye ulemavu, na mtu huanza na M.

Mwalimu wa Sarufi: Dada, kiongozi na kijana nao huanza na KI, wala sijasikia gavana akilalamika. Tena tunasema kipofu amefika, hatusemi kimefika. Sarufi haina kosa hapa.

Binti wa Kakamega: Mwalimu, gavana hajawahi kuambiwa na makanga, mbele ya abiria wote, «wewe kiwete ngoja gari jingine, hicho kiti chako kitakula nafasi ya watu wawili». Mimi nimeambiwa, na mvua ilikuwa inanyesha. Siku makanga atakapomwita gavana kwa sauti ile ndipo tutazungumza habari za upatanisho wa kisarufi.

Mwalimu wa Sarufi: Pole, dada. Hata hivyo, hapo kosa ni la makanga.

Mkaazi wa Likoni: Jamani, tulikuwa kwenye viti, na si vya matatu. Mzee Karani, vile kumi na viwili ni vya vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi kwa pamoja, na vyama ndivyo vinavyopanga orodha. Kifungu cha 54 cha Katiba nacho kinataka angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na za kuteuliwa ziwe za watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Hatua hizo ni fupi mno.

Kidole Msomaji: Mimi nina neno na Mzee Karani kuhusu huyo mjukuu. Mwaka 2022 nilikwenda kituoni peke yangu kwa sababu sikutaka kupigiwa kura na yeyote. Kwa kuwa sikuwa na msaidizi, msimamizi wa kituo ndiye aliyenitilia alama, na sheria inataka afanye hivyo mbele ya mawakala wa wagombea. Karatasi zilikuwa sita, kuanzia rais hadi mwakilishi wadi, nami nikataja majina sita kwa mdomo wangu huku nikisikia viti vikiburutwa kusogezwa karibu. Kabla sijafika nyumbani, mwenye duka anayenikopesha unga aliniuliza kwa nini nimemwacha mtu wetu.

Karani Mstaafu: Msimamizi akitia alama bila mawakala kushuhudia, jioni wataapa kwamba ameiba kura. Mimi sijawahi kutoa siri ya mpiga kura hata mmoja.

Kidole Msomaji: Sikukutaja, mzee wangu.

Mtani wa Tanga: Huku kwetu Tanzania kuna majalada ya nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole: karatasi ya kura huingizwa ndani, nawe unapapasa na kutia alama mwenyewe. Lakini bibi yangu amepofuka uzeeni na hajui nukta nundu, kwa hiyo jalada kwake ni karatasi ngumu tu.

Mkaazi wa Likoni: Basi nalibadili swali langu: hata tukichagua wenyewe kama Uganda, tutachaguaje ikiwa kura yenyewe inasikika hadi dukani?

Kidole Msomaji: Mtani, bibi aende na mjukuu anayemwamini, hiyo ni haki yake. Mimi nukta nundu nilifundishwa tangu darasa la kwanza, niwekewe jalada. Unga siku hizi nanunua kwa pesa taslimu.