Trekta dogo lenye chujio la masizi litahimili mashamba ya Urambo?

Mkulima_Urambo: Wakuu, heshima zenu. Nalima mahindi na tumbaku, nimechoka kukodi trekta. Nimepata mawili yaliyotumika, yametoka nje. Moja HP 24, la pili HP 35 lenye chujio la masizi kwenye eksozi na kompyuta ya injini. Bei zinakaribiana. Moyo unataka kubwa, ila fundi wangu anasema nitalia. Kwa nini yamepishana hivyo, na nichukue lipi?

FundiDizeli: Mkuu, chanzo ni kanuni za Marekani za moshi wa injini, zinaitwa Tier 4. Injini ya chini ya kilowati 19, yaani kama HP 25, inaruhusiwa masizi gramu 0.40 kwa kilowati-saa, na pampu ya kawaida inatosha kufika hapo. Kuanzia 19 hadi 37, tangu 2013 mwisho ni gramu 0.03, na hapo ndipo chujio na kompyuta huingia. Ndiyo maana viwanda vinatoa matrekta mengi ya HP 24 na ushee. Ulaya nao kwenye kanuni zao za moshi, Stage V, wanahesabu hadi idadi ya chembe, kuanzia kilowati 19 hizo hizo.

MamaShamba: Nimetumia lenye chujio huku Sikonge. Hujisafisha kwa kuunguza masizi, na moshi lazima ufike kama nyuzi 600. Dereva akizima katikati, au akishinda anabebea maji kwa mwendo wa kinyonga, linaziba. Taa inawaka, nguvu inakatwa. Tulimsubiri fundi mwenye kompyuta huku mvua za kupandia zikipita. Iliniuma sana.

Kaka_Nzega: Si anakata chujio tu, anaweka bomba tupu?

FundiDizeli: Hapana ndugu yangu. Kompyuta itaona na itabana injini. Halafu tangu 2012 wataalamu wa saratani wa WHO wameuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Wanaopanda nyuma ya trekta ni wake zetu na watoto wetu.

Mkulima_Urambo: Nimewaelewa. HP 24 itachonga matuta kweli?

MamaShamba: Kwenye kichanga, mvua za kwanza zikishanyesha, itachonga. Mbugani kwenye udongo mweusi usiipeleke. Na dizeli ya madumu ichuje, maji yanaua nozeli.

FundiDizeli: Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe. Kabla hujatoa hela soma kibati cha injini: kilowati na mwaka vimeandikwa hapo.