Mabomba ya GI yanavuja kwenye ploti: kuziba, kuweka PPR, uPVC, au kurudisha GI mpya?

keateka_umoja
Wadau, habari zenu. Jengo liko Umoja, Nairobi, ghorofa nne zenye nyumba 16, na chini kuna maduka manne. Bomba kuu linaloshuka kutoka kwa matangi ya paa ni GI (chuma kilichopakwa zinki) ya inchi moja na nusu, matawi ni robo tatu, na ndani ya kuta ni nusu inchi. Linavuja sehemu tatu, zote karibu na soketi au tii (viungo vya paipu). Plamba wa kwanza anataka kufunga klampu, wa pili anasema PPR (plastiki ya kuchomelewa kwa moto) jengo zima, wa tatu anasema uPVC (plastiki ngumu ya kuungwa kwa gundi) kwa sababu ni rahisi. Landilodi anataka kujua tofauti kabla ya kutoa pesa, na wenye maduka hawataki kukatiwa maji mchana. Nimwambie nini?

nyuzi_na_katani
Mahali panapovuja ndipo panapokuambia ufanye nini. Ukichonga nyuzi kwenye GI, unaondoa zinki na unapunguza unene wa chuma karibu nusu, kwa hiyo kutu huanzia hapo. Soketi tatu zikivuja kwa wakati mmoja, zile nyingine za umri huo zinangoja zamu yao.

Klampu ya chuma cha pua yenye raba hushika pale paipu imenyooka. Kwenye bega la soketi haikai sawa, maji yanapita pembeni. Kama tobo lingekuwa katikati ya paipu, mathalani mtu alipiga msumari wa kutundika TV, hapo ningekwambia funga klampu na uendelee na kazi zako. Epoksi ya kukanda ni ya kukuvusha wikendi tu: funga maji, kausha, kwaruza hadi chuma king'ae, kanda hadi rangi iwe moja, ndipo ubandike. Juu ya paipu yenye unyevu, ile ya kawaida haishiki.

Jambo lingine, GI haifunguki katikati. Ukiizungusha itoke kwenye tii hii, upande wa pili unazidi kukaza. Lazima ukate kwa msumeno, kisha uunganishe kwa yunioni (kiungo kinachofunguka katikati) au kwa kapla ya kubana isiyohitaji nyuzi. Na ukilazimisha paipu nzee kwa spana ya inchi 24, unaweza kuamsha uvujaji mwingine ghorofa mbili juu.

mama_ploti_tatu
Kwanza hakikisheni ni maji safi yanayovuja. Bomba la maji safi hutoa mchana na usiku. La maji machafu hutoa mtu akioga au akiosha vyombo, halafu linanyamaza. Fungeni koki zote usiku, someni mita, mrudi asubuhi kabla mpangaji wa kwanza hajaamka. Ila kama mita iko kabla ya matangi, fungeni pia valvu ya kuingiza maji kwenye matangi na mpime kina cha maji ndani yake badala ya mita, maana floti itawadanganya. Tone moja kila sekunde, matone 20 yakiwa mililita moja, ni zaidi ya lita 4 kwa siku.

Na kama uvujaji uko kabla ya mita, msiuguse. Huo ni wa kampuni ya maji, pigeni ripoti.

PPR_nyuzi260
Mimi niko upande wa PPR kwa jengo hili, lakini ifanywe vizuri, maana PPR mbaya Nairobi zimejaa.

Kosa la kwanza ni saizi. Dukani utaambiwa PPR ya 20 ni sawa na nusu inchi, 25 ni robo tatu, 50 ni inchi moja na nusu. Hizo namba ni upana wa nje kwa milimita. PPR ya 50 ya PN20 (daraja la presha la bar 20) ina ukuta wa milimita 8.3, kwa hiyo ndani unabaki na milimita 33 hivi, wakati GI ya inchi moja na nusu ina karibu 41. Umepoteza zaidi ya theluthi ya nafasi ya maji, halafu wa ghorofa ya juu, ambao tayari wana presha ndogo kwa sababu tangi liko karibu na vichwa vyao, wanaanza kulalamika. Bomba kuu liwe la 63, matawi 32, ndani ya nyumba 25. Ya 20 ibaki kwa koki moja tu.

Kosa la pili ni kuchomelea kwa kukisia. Mashine ya kuchomelea iwe nyuzi joto 260, usubiri taa itulie. Kata paipu kwa mkasi wake ili ukingo uwe mraba, futa vumbi na unyevu, weka alama ya kina cha kuingia kwa penseli (kwa 25 ni kama milimita 16). Muda wa kupasha moto kwa kila saizi: ya 20 sekunde 5, 25 sekunde 7, 32 sekunde 8, 40 sekunde 12, 50 sekunde 18, 63 sekunde 24. Toa, ingiza moja kwa moja bila kuzungusha, shikilia, usiguse kwa dakika kadhaa. Ukizidisha moto au ukisukuma kupita alama, plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kuziba njia. Kwa nje kiungo kinaonekana kizuri sana. Ukitaka kumjua fundi, mwambie achomelee kipande cha majaribio, kikate katikati kwa urefu, uangalie ndani.

Maji yakiwa bado yanachuruzika kwenye paipu usichomelee. Mvuke hutoboa kiungo.

mzee_wa_GI
Yote sawa, lakini mmesahau jua. PPR ikipita nje ya ukuta bila kufunikwa, jua linaila. Ipakwe rangi au ivalishwe sponji. Na inarefuka: milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa bomba la mita 12, joto likipanda nyuzi 30, hiyo ni milimita 54. Ukilibana kwa klipu zote kwa nguvu, litajipinda kama nyoka. Weka klipu chache za kukaza penye tii, nyingine ziliache liteleze, na uweke kona ya kupokea huko kurefuka.

Kitu kingine: mpira wa zimamoto kama unao, laini yake ibaki chuma. Usikubali mtu aiguse kwa plastiki.

GI mpya bado ina mahali pake, kama vile kwenye chumba cha pampu na pale watu wanapogonga au kutundika vitu. Nunua ya daraja la kati, yenye alama ya buluu. Ile ya kahawia ni nyepesi, ukiichonga nyuzi hubaki na chuma kidogo mno.

stima_na_maji
Msipite hapa haraka. Kwenye majengo mengi ya zamani waya wa athi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) umefungwa kwenye paipu ya GI. Ukikata GI na kuweka plastiki, athi imekatika, na shawa za umeme zipo kila nyumba. Fundi stima apime athi na kuweka fimbo ya athi ya kweli kabla plamba hajaanza. Hata siku ya kukata, zimeni swichi kuu.

gundi_ya_plastiki
uPVC nitaitetea kidogo. Haitaki mashine, na kwa laini ya maji baridi iliyofichwa kwenye shafti (nafasi ya wima ya kupitishia mabomba) ni sawa kabisa. Lakini kwa jengo lenye wapangaji ndani ina ubaya: gundi inataka muda. Kwaruza, safisha, paka pande zote mbili, ingiza kwa kuzungusha robo, shikilia nusu dakika, halafu ungoje saa 24 kabla ya kutia presha kamili. PPR inaweza kupimwa siku hiyo hiyo. uPVC pia haitaki maji moto, na ikigongwa na pikipiki ya kuleta gesi pale chini inapasuka.

keateka_umoja
Asanteni sana. Naona tunaelekea PPR. Sasa hao wa maduka? Na zile nusu inchi zilizo ndani ya kuta tutazifanyaje?

PPR_nyuzi260
Usivunje laini ya zamani kwanza. Jenga bomba jipya la 63 sambamba nalo, kwenye shafti au nje ya ukuta, likiwa kavu. Kila ghorofa iwe na valvu yake ya bola na yunioni, ili siku nyingine ukirekebisha nyumba moja usikatie watu wote maji. Usiruhusu mtu achimbe nguzo wala boriti ili kuficha paipu.

Kisha pima kabla ya kuunganisha. Toa hewa yote kwenye koki ya juu. Presha ya kawaida chini ni kama bar 1.5, kwa sababu mita 10 za maji ni bar 1 na tangi liko mita 15 hivi. Ongeza kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya juu kabisa ya kazi ya mfumo, bila kupita kiwango ambacho valvu zako zinaruhusu. Nusu saa ya kwanza presha itashuka kidogo kwa sababu plastiki inatanuka, usishtuke, iongeze. Baada ya hapo, katika saa 2 isishuke zaidi ya bar 0.2.

Kuunganisha kwenye tangi ni kazi ya saa mbili tatu usiku, maduka yakiwa yamefungwa. Halafu hamisha ghorofa moja moja.

nyuzi_na_katani
Kwa zile za ndani ya ukuta: kama koki inatoa maji ya rangi ya chai kila asubuhi, toa zote. Kama ni safi, unganisha PPR na GI kwa adapta, na hapa watu wengi huharibu. Tumia adapta ya PPR yenye nyuzi za nje iingie kwenye soketi ya GI. Ukifanya kinyume, GI yenye nyuzi za mteremko (zinazonenepa kadiri zinavyoingia) na katani nyingi ya kuzungushia nyuzi hupasua kile kipande cha shaba kilicho ndani ya plastiki, na hakivuji siku hiyo, kinavuja baada ya mwezi. Katani iwe kidogo, na pasta kidogo.

Adapta hizo ndizo ghali kwenye PPR nzima, kwa hiyo zihesabu kabla ya kwenda hadiwea. Paipu yenyewe huja vipande vya mita 4, GI mita 6.

keateka_umoja
Na bomba la zamani?

mzee_wa_GI
Likate juu kwenye tangi, uzibe kwa plagi upande wa tangi. Fungua chini limwage. Mabaki ya maji kwenye tii za kila ghorofa yataendelea kudondoka siku mbili tatu, kwa hiyo waambie wenye maduka mapema, wasije wakadhani bomba jipya limeanza kuvuja.