Naomba ushauri: kufundisha kurusha na kudaka darasa la pili

Ndugu walimu, ninafundisha michezo darasa la pili lenye wanafunzi 72, nikiwa na mipira 3 tu. Nimetumia mchezo wa rede kuwazoesha kurusha, kukwepa na kudaka, lakini anayepigwa na mpira hutoka, na wanaotoka mapema ndio hasa wanaohitaji mazoezi zaidi, hivyo hubaki pembeni wakiwatazama wenzao hodari. Jambo hili linaniumiza, kwa kuwa mtoto wa miaka 7 hujifunza kudaka kwa kurudia mara nyingi, si kwa kutazama. Nimefikiria kuwagawia mipira ya soksi wawili wawili, ila uwanja wetu ni mdogo na una mteremko. Je, mliokwisha kufundisha madarasa makubwa namna hii huwapangaje watoto, na kanuni za rede mmezibadilishaje ili asiwepo anayetolewa?