Posti za sida au mkaratusi uliotiwa dawa? Ploti ya 50 kwa 100, Nanyuki

Mwenye_Ploti: Wakuu, nataka kuzungushia fensi ploti ya futi 50 kwa 100 nje ya Nanyuki. Udongo ni ule mweusi unaopasuka kiangazi, na mchwa wamejaa. Nitafunga wavu wa futi 5. Posti za sida zinauzwa ghali kuliko za mkaratusi wenye dawa. Nichukue zipi, ngapi, na nikague nini kabla ya kulipa?

Seremala_Laikipia: Sida ya kwetu ni mutarakwa (Juniperus procera), kwa hiyo maelezo ya sida nyekundu ya Marekani yaache huko huko. Mchwa hukataa kiini tu, ile sehemu ya kahawia yenye harufu ya penseli. Weupe wa nje wanautafuna vizuri sana. Tazama kichwa kilipokatwa: posti ya inchi 4 yenye weupe wa inchi 1 kila upande, weupe ukiisha unabaki na kijiti cha inchi 2 kinachocheza shimoni. Ndiyo maana posti zilizopasuliwa kutoka gogo kubwa huzishinda zile nyembamba za mviringo. Kagua pia uozo, kwani mitarakwa mizee huoza ndani ikiwa bado imesimama. Ukiona vishimo vyenye nyuzi nyeupe kwenye mkato, iweke kando. Igonge kwa nyundo pia. Iliyo na uvungu utaisikia.

Na kibali cha KFS (shirika la misitu la Kenya) cha kusafirisha mbao ukione kwa macho yako. Muuzaji akitaka mzigo upakiwe usiku, achana naye.

Mama_Fensi: Hesabu: mzunguko ni futi 300. Posti kila futi 10 ni 30, ongeza 2 za geti, halafu mihimili ya kuegemeza: 2 kila kona na 1 kila upande wa geti, jumla 10. Geti likiwa la futi 12, zinabaki futi 288, karibu mita 88, yaani roli 5 za mita 18. Za kati ziwe futi 8, zizame futi 2 na nusu. Za kona na geti futi 9, zizame 3.

Udongo mweusi usiurudishe shimoni. Hufura mvua ikinyesha, hujikunja jua likiwaka, na posti huinuka kidogo kidogo. Jaza maramu, shindilia kila inchi 6. Pa kumwaga zege ni kona na geti tu, na posti itokeze chini ya zege ikanyage kokoto, la sivyo maji yatakaa kwenye kikombe hicho na kuozesha kitako.

Seremala_Laikipia: Misumari ya U ipige kimshazari. Miguu yote miwili ikiingia kwenye mstari mmoja wa nyuzi, sida hupasuka papo hapo.

Mwenye_Ploti: Asanteni. Fundi anataka kuchoma vitako na kupaka oili chafu. Na mkaratusi je?

Mama_Fensi: Oili haizami, inachafua udongo tu, na kuchoma kunaacha nyufa. Mkaratusi wenye dawa ni sawa kabisa kama pesa ni kidogo, mradi uwe wa mviringo, usiopasuliwa, maana dawa huingia weupe wa nje na kuishia hapo. Ukilazimika kuupunguza, kata juu. Kitako kilichokatwa kinawafungulia mchwa mlango. Kona na geti weka sida hata hivyo.