Teknolojia ya kujiendesha katika ugavi: tuanze na roboti, makadirio au maagizo?

Mratibu wa Ugavi

Habari zenu wanajukwaa. Ninasimamia ugavi katika kampuni inayouza vipuri vya mitambo kwa wateja wa jumla, na ninaomba ushauri wa waliokwisha kuipita njia hii. Bidhaa zetu ni maelfu kadhaa, zimegawanyika katika maghala mawili. Mzigo unapofika, mpokeaji huandika idadi kwenye karatasi, na jioni karani huiingiza kwenye kompyuta. Maagizo ya kujazia akiba hufanywa na maofisa wawili wanaozifahamu bidhaa hizi kwa miaka mingi, nao huamua kwa kupitia orodha na kukumbuka mwenendo wa mauzo. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya vipuri hulundikana hadi vikapitwa na wakati, ilhali vingine, ambavyo mara nyingi ndivyo mteja anavyovihitaji mtambo wake ukiwa umesimama, havipatikani.

Uongozi umekubali kugharimia awamu moja ya teknolojia ya kujiendesha, nasi tumeletewa mapendekezo matatu: roboti za kubeba rafu ghalani, programu ya akili bandia ya kukadiria mahitaji, na mfumo unaotuma maagizo kwa wagavi bila kusubiri mkono wa mtu. Kila muuzaji anadai kwamba chake ndicho cha kuanza nacho. Ninyi mngeanza na kipi, na kwa sababu gani? Ningependa pia kujua nafasi ya wale maofisa wawili itakuwa ipi, kwa kuwa ujuzi wao sitaki upotee.

Mchambuzi wa Akiba

Ndugu Mratibu, mimi nisingeanza na lolote kati ya hayo matatu. Yote yanategemea jambo moja ambalo, kwa maelezo yako, bado hamjalipata: idadi iliyo kwenye kompyuta iwe ndiyo idadi iliyo kwenye rafu, saa ile ile. Chukua kipuri ambacho kompyuta inasema vipo 30 na kumbe rafuni hakuna hata kimoja. Mfumo wa kuagiza hautakiagiza kamwe, kwa sababu haiwezekani kuuza kisichokuwepo, na bila mauzo namba ile 30 haitashuka. Ofisa mzoefu angeshangaa kipuri kinachotoka kila wiki kimekaa kimya mwezi mzima, angekwenda kutazama. Mfumo utaendelea kusubiri. Hiyo ndiyo akiba hewa, na programu ya makadirio itaongeza tatizo la pili juu yake, kwani itasoma ukimya huo kama dalili kwamba wateja hawakihitaji tena.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye misimbo pau (zile alama za mistari zinazobandikwa kwenye bidhaa), skana za mkononi za kuisoma, na kanuni kwamba hakuna mzigo unaoingia, kuhama rafu au kutoka bila kuskaniwa papo hapo. Teknolojia hii ni kongwe: bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kuskaniwa msimbo wake ilikuwa pakiti ya chingamu, tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi moja mjini Troy, Ohio, Marekani. Ukongwe wake usiwafanye mwidharau. Katika msimbo wa kawaida wa tarakimu 13, tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 12 zilizotangulia, hivyo msimbo uliosomwa vibaya kwa kawaida hukataliwa hapo hapo. Karani anayenakili karatasi jioni hana kinga ya namna hiyo.

Baada ya hapo hesabu ya kuagiza ni nyepesi. Kiwango cha kuagiza upya ni mauzo ya siku mara siku za kusubiri mzigo, kujumlisha akiba ya tahadhari. Tuseme kipuri kinauzwa wastani wa vipande 40 kwa siku, mchepuko sanifu wa mauzo hayo (kipimo cha jinsi yanavyopishana na wastani) ni vipande 12, na mgavi huchukua siku 9. Mauzo ya siku 9 ni 360. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 wa kutoishiwa kabla mzigo haujafika, akiba ya tahadhari ni 1.65 (kizidisho cha kitakwimu cha uhakika huo) mara 12 mara kipeuo cha pili cha 9, ambacho ni 3, yaani karibu 60. Utaagiza akiba ikifika 420.

Lakini siku 9 hizo ni wastani tu. Ikiwa mgavi huyo hupishana, na mchepuko wa muda wake ni siku 2, akiba ya tahadhari inayohitajika inapanda kutoka 60 hadi karibu 145. Kuyumba kwa mgavi kunakugharimu kuliko kuyumba kwa wateja, na hakuna programu ya kukadiria mauzo itakayokuonyesha hilo ikiwa tarehe halisi za kupokea mizigo hazijawahi kurekodiwa. Naliona hili kuwa kiini cha swali lako, na ndiyo maana nasisitiza skana kabla ya akili bandia.

Fundi wa Mifumo

Ninakubaliana na mwenzangu kuhusu skana, ila sikubali kwamba maagizo yasubiri mpaka takwimu zitakate. Takwimu za ghala hazitakati zenyewe. Husafishwa na kazi inayozitumia. Washeni mfumo wa kuagiza mapema, lakini uwe unapendekeza tu. Kila asubuhi utoe orodha yake, maofisa waipitie, na kila wanapobadilisha namba waandike sababu kwa sentensi moja. Sababu hizo zitawaonyesha rafu zenye akiba hewa, wagavi wanaochelewa, na bidhaa ambazo kumbukumbu zake hazina maana. Pia huo ndio mlango wa kuuingiza ujuzi wao ndani ya mfumo, badala ya kuuacha vichwani mwao.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawajawaletea kwa kuwa halivutii machoni: kulinganisha kiotomatiki hati tatu, yaani oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo na ankara ya mgavi. Zikikubaliana, malipo yaendelee. Zikitofautiana kwa idadi au bei, mfumo uizuie ankara na kumjulisha mhusika. Ni kazi ya kanuni zilizo wazi, inarudiwa kila siku, na kosa lake huonekana upesi. Kazi za namna hiyo ndizo zinazofaa kukabidhiwa mashine kwanza.

Kuhusu programu ya makadirio, mwaka 2001 Nike ilitangaza upungufu wa mauzo wa takriban dola milioni 100 za Marekani, ikieleza kwamba mfumo wake mpya wa kupanga mahitaji ulisababisha viatu vya aina fulani kuagizwa kupita kiasi na vingine kupungua. Na angalieni msimu: mwaka 1999 Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, iliwasha mifumo mipya karibu na kipindi chake kikubwa cha mauzo ya peremende, ikashindwa kupeleka maagizo ya wateja ilhali bidhaa ilikuwa nayo. Msiwashe chochote miezi yenu ya pilikapilika.

Msimamizi wa Ghala

Nitagusia roboti peke yake. Amazon iliinunua Kiva Systems, kampuni ya roboti za maghala, mwaka 2012 kwa dola milioni 775 kwa sababu katika ghala linalotoa maagizo mengi madogo, sehemu kubwa ya muda wa mchukuaji huishia kwenye kutembea, na roboti zinazoileta rafu kwa mtu huuondoa mwendo huo. Pimeni kwanza wachukuaji wenu hutembea kiasi gani. Ikiwa maagizo ya wateja wa jumla ni machache na makubwa, kupanga upya rafu ili vipuri vinavyotoka sana viwe karibu na mlango wa kupakilia kutawapa nafuu kwa gharama ndogo. Kwa ghala lenu, roboti ningeziweka mwisho.

Mratibu wa Ugavi

Ninawashukuru nyote, na hesabu ya mgavi anayepishana nitaifikisha kwa uongozi kama ilivyo. Limebaki swali moja. Maofisa wangu wanahofia siku ambayo mfumo utaacha kupendekeza na kuanza kutuma wenyewe: mteja mmoja akinunua shehena kubwa isiyo ya kawaida, je, mfumo hautachukulia kwamba soko limepanda na kuagiza maradufu?

Mchambuzi wa Akiba

Hofu yao ina msingi. Procter & Gamble, watengenezaji wa nepi za Pampers, waligundua kwamba ingawa watoto hutumia nepi kwa kiwango kisichobadilika sana, maagizo ya nepi yalizidi kuyumba kadiri yalivyopanda kutoka dukani kwenda kwa msambazaji hadi kiwandani. Kila ngazi ilikuwa ikiikuza mishtuko ya ngazi iliyo chini yake. Mfumo unaojibu kila mshtuko bila kizuizi hufanya hivyo kwa kasi zaidi kuliko binadamu.

Dawa yake ni mipaka. Mauzo ya mkataba au ya mara moja yawekewe alama tangu yanapoingizwa, yasihesabiwe katika wastani. Oda inayozidi, kwa mfano, mara mbili ya kawaida ya kipuri hicho isitumwe bila sahihi ya ofisa. Mtambo wa kufumia nguo wa mvumbuzi Mjapani Sakichi Toyoda, wa mwaka 1924, ulisimama wenyewe uzi ulipokatika, na kwa hiyo mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia mashine nyingi. Maofisa wako wawili wapewe nafasi hiyo: oda za kawaida zipite, nao washughulikie zilizosimama.

Fundi wa Mifumo

Niongeze moja tu: mamlaka ya kutuma oda yatolewe kundi kwa kundi. Anzeni na boliti, filta na vipuri vya bei ndogo vinavyotoka kila siku. Vile vya bei kubwa vinavyouzwa mara chache kwa mwaka havina mauzo ya kutosha kwa wastani wowote kuaminika, na hivyo viacheni mikononi mwa maofisa hata baada ya mfumo kukomaa.