Naomba ushauri: kuhamisha matundu ya jiliwa kwenye bamba la chuma

Habari wanajamvi. Nafunga jiliwa (kifaa cha kubania kazi) lenye matundu 4 ya mm 11 kwenye bamba la chuma lenye unene wa mm 12. Bolti ni M10 (kipenyo mm 10) na hesi (mikunjo ya kushika bolti) nazikata kwenye bamba lenyewe, hivyo natoboa kwa biti ya mm 8.5. Nafasi ya kucheza ni nusu milimita tu kila upande.

Nimechora kwa msumari kupitia matundu, lakini kitovu cha duara nakikisia. Kwenye bamba la majaribio matundu 2 yalikosea kwa mm 1.5. Kiolezo cha katoni nacho kilivutika.

Je, nichongeshe panchi (chuma cha kugongea alama) ya mm 10.9 yenye ncha katikati kabisa? Na nitoboe tundu moja, nikaze bolti, ndipo nipige alama zilizobaki, au nipige zote 4 kwa mkupuo jiliwa likiwa limebanwa kwa klampu? Kupanua matundu ya jiliwa sitaki, litahama likigongwa.